Kindi Niliyemwandikia Sifuri

Siku ile pale msituni alikuwepo Daktari Ruth, mkuu wa utafiti wetu, amevaa koti lake la kijani lenye mfuko uliotatuka. Alikuwepo Calvin, bwana misitu, ameshika kopo la rangi ya buluu ya kupulizia miti inayokwenda kukatwa. Alikuwepo Neema, binti wa Tanga, aliyekuwa akiingiza takwimu zetu kwenye kompyuta. Alikuwepo Mzee Otis, aliyenifundisha kazi, ameegemea shina kwa sababu ya goti. Nilikuwepo mimi, Nyambura, nimekumbatia ubao wangu wa karatasi. Na juu ya msonobari ulioinama alikuwepo mwingine, ambaye kwenye karatasi zangu hakuwepo.

Mnisamehe kwa kuwataja kila mtu kwa jina lake badala ya kusema tulikuwa wangapi. Ndivyo nilivyolelewa, na malezi hayo ndiyo yaliyonitia katika matata ninayotaka kuwasimulia.

Mliponiaga mwezi uliopita mliniomba niwaandikie kitu wale wanaoanza kazi. Vyeo nitaviruka. Kimoja kilibandikwa kwenye mlango wa banda la vifaa, na mlango wenyewe ukaoza, ukatolewa, cheo kikaenda nao. Nitaanza na ufagio, maana ndio chombo cha kwanza nilichokabidhiwa.

Nilikuwa msafishaji wa jengo la utafiti, upande wa Greenbelt, jimbo la Maryland. Nilikuwa nimetoka Kenya kwa bahati nasibu ya viza, nikapanga chumba Adelphi, na kila jioni nilipanda basi kwenda kudeki vyumba vya watu waliosoma. Chumba kimoja kilikuwa na meza ndefu iliyojaa koni za misonobari zilizotafunwa, zimepangwa kwenye sinia, kila sinia na kibandiko chake. Nilimkuta Otis pale, mtu mweusi wa huku huku Maryland, mrefu, mwenye masharubu meupe, anafunga kabati kwa ufunguo.

Nikamuuliza, "Mnafungia takataka kwa ufunguo?"

"Hizo si takataka," akasema. "Hizo ni sahani. Kuna mtu amekula hapo."

Nikainama kutazama. Mimi nilikulia Nyandarua, pembeni mwa msitu, na utotoni tuliokota koni za kuwashia moto. Nikamwonyesha sinia moja. "Hapa wamekula wa aina mbili. Huyu ametafuna mpaka kikonyo kikawa laini. Huyu mwingine ameng'oa maganda kwa hasira, ameacha nyuzi."

Otis alinitazama, akautazama ufagio, kisha akanitazama tena. "Wa kwanza ni panya," akasema. "Wa pili ni kindi mwekundu. Kuna wanafunzi hapa wamechukua muhula mzima kuliona hilo. Umesoma wapi?"

"Mpaka darasa la sita."

"Basi hujaharibika sana," akasema, na wiki ile ile akaenda kumwambia Daktari Ruth kwamba amepata mtu wa kwenda naye msituni.

Nilianza kumwita Mzee. Alipouliza maana yake nikamwambia ni mtu mzima anayeheshimiwa. Akanisihi nimwite hivyo kwa sauti mbele ya mkewe.

Kwa wale mnaoanza, kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kule ndani ya ule msitu wa mialoni kuna shamba la misonobari lililopandwa zamani na watu ambao hakuna anayewakumbuka. Huku bondeni kindi wa kijivu wamejaa, hata kwenye mapipa ya taka ya Adelphi, lakini kindi mwekundu ni mgeni wa milimani. Wachache walikuwa wamejishikiza kwenye misonobari ile tu. Daktari Ruth alitaka kujua jinsi msitu ulivyojengeka, yaani unene wa miti, nafasi kati yake na jinsi matawi ya juu yanavyoshikana kuwa dari, unavyoamua kindi anakula wapi na anakula vipi. Shamba tuliligawa viwanja kwa kamba, tukavipa herufi. Katika kila kiwanja tulipima miti kwa utepe, kwa kimo cha kifua. Tulishika kiganjani kioo kidogo kilichobinuka, kilichochorwa miraba, tukahesabu ni miraba mingapi inaonyesha majani na mingapi inaonyesha mbingu. Tulihesabu marundo ya maganda ya koni. Mwisho tuliketi robo saa, mgongo kwenye shina, tukiandika kindi tuliowaona wakila.

"Usimtafute kindi," Mzee Otis aliniambia siku ya kwanza. "Tafuta meza yake. Ukishaiona meza, kaa chini. Mwenyewe atakuja kukutukana."

Na kweli alikuja. Kindi mwekundu ni mdogo kuliko mkono wako, lakini akikukuta kwake anakushutumu kuanzia kofia mpaka buti, anapigapiga mguu, mkia unatetemeka. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa nimetukanwa katika kila kiwanja. Kupe nao walinijua. Mpaka leo sikai kwenye majani kabla ya kuingiza suruali ndani ya soksi, na nawashauri mfanye hivyo hata kama mnaonekana vichekesho.

Nilijifunza haraka. Palipokuwa na dari lililofunga, matawi yakishikana, kindi alitembea juu kwa juu bila kugusa ardhi, akapeleka koni zake mahali pamoja, kwenye kisiki au tawi analolipenda, na chini yake rundo la maganda likakua msimu hadi msimu mpaka magotini. Kivuli kile kilitunza unyevu wa rundo, na koni alizozifukia humo hazikufunguka na kumwaga mbegu. Palipokuwa wazi, aliteremka, akala kwa wasiwasi akitazama juu kila mara, akaacha maganda kidogo hapa, kidogo pale, kama mtu anayekula amesimama kituo cha basi. Haya niliyaona kwa macho yangu kabla hayajachorwa kwenye jedwali lolote.

Sasa nifike kwenye kosa langu.

Baba alitangulia, na mama akafuata kabla mwaka haujaisha. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Nyuma yangu alikuwepo Kamau, akafuata Wairimu, na Njoroge ambaye alikuwa bado wa kubebwa mgongoni. Shosho, mama yake baba, alitulea kwa sheria za zamani. Kwake watoto na mifugo hawahesabiwi kwa kidole. Mtu akikuuliza mna mbuzi wangapi, unapunguza mmoja, ili jicho baya likija lisikute hesabu kamili. Karani wa chifu alipokuja kuandikisha mayatima wa kupewa chakula, alinisimamisha mlangoni akauliza tuko wangapi. Nikapunguza mmoja. Nilimwacha Njoroge, kwa kuwa ndiye mdogo na ndiye tuliyeogopa kumpoteza. Shosho alinishika bega, akaridhika. Chakula kilipokuja, cha Njoroge hakikuwemo. Tulimkatia kwenye cha kwetu, na mimi nilikata kikubwa zaidi, maana nilijua nani aliyemficha. Darasa la sita niliishia hapo.

Nilidhani mambo hayo nimeyaacha Nyandarua. Lakini mkono una kumbukumbu yake. Kule kwenye misonobari, kila nilipoketi robo saa na kumwona kindi anakula, mkono wangu uliandika pungufu ya mmoja. Sikufanya kwa hila. Mwanzoni hata sikujua kama nafanya. Nilipokuja kujua, nilijiambia hakuna ubaya, mradi napunguza sawasawa kila mahali. Maganda niliyahesabu yote kamili, maana maganda hayana roho.

Hivyo nilikwenda kwa misimu miwili, nikiketi peke yangu.

Kisha ikaamuliwa kwamba sehemu ya misonobari ile ipunguzwe. Ilikuwa imezeeka, mingine inaanguka yenyewe, na Calvin alikuwa na sababu zake nzuri. Si mtu mbaya, msimfikirie hivyo. Alimwomba Daktari Ruth amwonyeshe ni wapi akikata hatamwumiza mnyama. Neema akachapa ramani kutoka kwenye karatasi zangu, na ndipo asubuhi ile tukakutana kwenye Kiwanja D, wote niliowataja.

"Hapa ni rahisi," Daktari Ruth alisema. "D ni sifuri. Misimu miwili, ziara zote, hakuna kindi aliyeonekana akila hata siku moja. Maganda yaliyopo ni ya wapitaji tu."

Calvin akatikisa kopo lake. Mlio wa ile gololi ndani ya kopo la rangi nausikia mpaka leo.

Kule juu ya msonobari ulioinama, kindi wa D akaanza kutukana.

"Huyo anapita tu," Calvin akasema.

Hakuwa anapita. Nilikuwa nimeketi chini ya mti ule wiki baada ya wiki. Nilimjua kwa sikio lake lililochanika. Nilimwona akila kila nilipokwenda, na kwa kuwa alikuwa peke yake, na mimi hupunguza mmoja, kila nilipokwenda niliandika sifuri. Nikamwona Njoroge mlangoni, kwenye mgongo wa Wairimu, na karani anafunga daftari.

Nikasema, "Usipulize."

Neema ndiye aliyekuwa karibu nami, na kwa woga niliongea naye kwanza kwa Kiswahili. Nilimweleza yote. Yeye kwa kawaida hakosi neno. Kila siku alinitania kwamba Kiswahili cha Wakenya kina mawe kama wali usiochambuliwa, nami nikamjibu kwamba cha Tanga kinazunguka mji mzima kabla ya kufika dukani. Siku ile hakuzunguka.

"Dada Nyambura, karatasi zote?"

"Zote za kindi. Maganda ni kamili."

"Yaani kote niongeze mmoja?"

"Fanya hivyo."

Akafikiri, akashika kichwa. "Haiwezekani, dada yangu. Pale ulipoandika wawili najua ni watatu. Lakini uliposema sifuri? Siku usiyoona kitu uliandika nini?"

"Sifuri."

"Basi sifuri nyingine ni sifuri kweli, na nyingine ni kindi. Nitazitenganishaje?"

Nikaelewa hapo hapo ukubwa wa nilichofanya. Nilidhani nimepunguza sawasawa. Kumbe palipo na wengi nilipunguza kidogo, na palipo na mmoja nilimfuta kabisa. Anayeumia kwa hesabu pungufu ni yule aliye peke yake. Nilipaswa kulijua hilo tangu nilipokuwa na miaka kumi na miwili.

Nikamgeukia Daktari Ruth na kurudia kwa Kiingereza, kibovu kuliko kawaida. Hakupiga kelele. Alivua miwani, akaifuta kwa koti, akaivaa. Misimu miwili ya kazi yake ilikuwa mikononi mwangu na nilikuwa nimeitoboa.

"Kwa nini hukusema?" akauliza.

"Niliogopa. Na kabla ya kuogopa sikujua."

"Na kwa nini unasema leo?"

Nikamwonyesha kwa kidevu kule juu. "Kwa sababu yumo."

Calvin aliweka kopo chini. "Mimi naweza kusubiri majani yapukutike," akasema, "lakini si zaidi. Wakataji wameshapangwa. Nani atarudia viwanja vyote?"

"Nitarudia mimi," nikasema.

Daktari Ruth akatikisa kichwa. "Karatasi zako peke yako, Nyambura, siwezi kuzitumia tena. Unaelewa."

Nilielewa. Nikaanza kuunyoosha ubao nimrudishie. Ndipo Mzee Otis alipojitenga na ule mti aliouegemea.

"Watu wawili," akasema. "Kila mmoja na karatasi yake, hawaonyeshani mpaka jioni. Nitatembea naye."

"Otis," Daktari Ruth akamwambia, "wewe unastaafu Ijumaa. Keki imeagizwa."

"Keki itakaa kwenye friji. Mimi ndiye niliyemfundisha kila kitu isipokuwa kumuuliza anahesabu vipi. Kosa hilo lina mikono minne."

Halikuwa na mikono minne. Lilikuwa na miwili, na yote yangu. Lakini alishasema, na Mzee Otis akishasema hakuna wa kumwondoa.

Basi tulitembea. Msimu mzima wa majani kupukutika, kiwanja kwa kiwanja, yeye akiburuta lile goti na kusingizia kwamba anasimama kutazama ndege. Juma la kwanza karatasi zetu zilipolinganishwa jioni, bado nilikuwa pungufu. Nilikuwa najua, nimeapa, na mkono bado unapunguza. Nililia kwenye gari lake, nikamwambia anirudishe kwenye ufagio.

Aliendesha mpaka tulipofika kwenye taa za barabarani. Kisha akauliza, "Yule bibi yako alikukataza kuwataja majina?"

"La. Majina tulitaja."

"Basi usiwahesabu. Wape majina. Jioni tutahesabu majina. Majina ni wino tu."

Kesho yake kwenye Kiwanja A niliandika: Mama Mkwe, Karani, Koti Jipya. Jioni tukahesabu mistari ya wino. Yake na yangu ikalingana. Tangu siku ile sikupunguza tena. Mkiona kwenye madaftari ya zamani kindi wana majina, msidhani ni mzaha wa mtu mpweke. Ni njia ya kazi, na imefanya kazi mpaka nimestaafu.

Wa D nilimwita Njoroge. Tuliketi chini ya ule msonobari ulioinama ziara baada ya ziara, na Mzee Otis akiwa na kioo chake akaona jambo ambalo sikuliona kwa misimu miwili. D palikuwa wazi, miti michache, mbingu tele. Lakini mti ule mmoja uliinama mpaka matawi yake yakagusa ya jirani, na jirani akagusa mwingine, mpaka ndani kabisa kwenye dari lililofunga. Njoroge alikuwa na njia moja tu ya juu, nyembamba, na kwa njia hiyo moja aliweza kula kwenye D. Aliokota koni uwanjani, akapanda, akala amekaa karibu na shina, akaona hatari akarudi kwa njia ile ile. Wingi wa miti haukuwa jibu lote. Swali lilikuwa kama dari linashikana.

Majani yalipoisha kupukutika tulikutana tena pale pale, watu wale wale. Daktari Ruth aliweka karatasi mbili mbili kwenye boneti ya gari la Calvin, akazipitia zote. Kisha akamwonyesha Calvin kwa kidole mstari wa miti, kuanzia ule ulioinama hadi msituni ndani.

"Hii hapana," akasema. "Iliyobaki ya D ni yako."

Calvin akafunga utepe wa rangi ya chungwa kwenye mstari ule, na upande wa pili akapuliza buluu. Sikushinda kila kitu. Nusu ya D ilikatwa, nami niliitazama ikikatwa. Lakini msimu uliofuata Njoroge alinitukana kutoka kwenye mti wake kwa sauti yake yote, na nilimwandika.

Daktari Ruth alinibakiza kazini. Alinipa daftari jipya na hakulizungumzia tena lile kosa, ila kwa miaka yote iliyofuata kila mgeni alipoajiriwa aliniambia, "Mweleze unavyohesabu, kisha mwulize yeye anavyohesabu." Nimewauliza wengi wenu. Mmoja alitoka Bukavu, akaniambia kwao mtu akimaliza kuhesabu anarudi nyuma kutoka mwisho. Nikaichukua hiyo. Nawaachia nanyi.

Mzee Otis alistaafu majuma mengi baada ya keki yake. Goti halikupona sawasawa. Walikuwa wamepanga, yeye na mkewe, kuzunguka kwa gari msimu ule ule kuyaona majani ya milimani, na badala yake aliyaona yakidondoka juu yangu. Nilipomfuata nyumbani kwake Upper Marlboro na kumwambia nitakuja kila Jumamosi kulima bustani yake mpaka nimlipe, alicheka.

"Bustani yangu ina mwenyewe, na hataki uiguse. Deni hili halirudi kwangu, Nyambura. Siku moja atakuja mtu ameshika kosa lake mkononi. Mpe msimu mmoja."

Kila mwaka majani yanapogeuka rangi ananipigia simu. Hasalimii. "Umelipa?"

"Bado, Mzee."

"Unawatisha. Tabasamu kidogo."

Labda kweli. Miaka yote hii hakuna hata mmoja wenu aliyeniletea kosa. Mmeniletea utepe uliokatika, gari lililozama kwenye tope, na siku moja kindi ndani ya mfuko wa chakula cha mchana. Kosa hamkuleta. Ama nyinyi ni hodari kuliko nilivyokuwa mimi, ama kuna mtu kati yenu ana sifuri kwenye karatasi zake anayoijua yeye peke yake, na anajiambia hakuna ubaya.

Kwa huyo naandika. Bado nipo Adelphi, jengo lile lile, ghorofa ya tatu, lifti ni mbovu. Buti zangu ziko mlangoni na goti langu ni zima. Otis alipiga simu juzi. Nilimjibu kama kawaida.

Nadaiwa msimu mmoja.